Nyutroni zisizoonekana huhesabiwaje?

Na Mwandishi Wetu

FEBRUARI 2024, wanasayansi wa Ulaya walitangaza kwamba mtambo wao wa utafiti uitwao JET, ulioko Culham karibu na mji wa Oxford nchini Uingereza, ulizalisha nishati ya megajuli 69 katika jaribio moja lililodumu kwa takriban sekunde tano.

Jaribio hilo lilifanyika Oktoba 3, 2023, na mafuta yaliyotumika hayakuzidi miligramu 0.2. Nishati hiyo ni sawa na uniti 19 hivi za umeme ambazo mwananchi hununua kupitia LUKU. Ingawa mtambo wenyewe ulimeza nishati nyingi zaidi ya hiyo ili kupata joto lililohitajika, matokeo hayo yaliandikwa kuwa rekodi ya dunia ya nishati ya muungano wa viini vya atomu katika jaribio moja.

Lakini lipo swali ambalo wasomaji wengi wa habari ile huenda hawakujiuliza. Wataalamu wale walijuaje kuwa ni megajuli 69, na si 50 wala 90? Mtambo wa JET haukuwa na mashine ya kufua umeme iliyounganishwa nao, wala hapakuwa na mita iliyozunguka ukutani.

Jibu ni kwamba walihesabu nyutroni. Kila viini viwili vya mafuta hayo vinapoungana, nyutroni moja hutoka. Ukijua idadi ya nyutroni unajua idadi ya miungano, na ukijua idadi ya miungano unajua nishati iliyozalishwa. Katika jaribio hilo nyutroni zilizotoka zilikuwa takriban 25 ikifuatwa na sufuri 18.

Vitambuzi vilivyohesabu nyutroni hizo vilikuwa vimehakikiwa mwaka 2017 kwa kutumia jenereta ndogo ya nyutroni, kifaa ambacho mkono wa roboti uliweza kukibeba na kukizungusha ndani ya mtambo. Kwa maneno mengine, rekodi ile iliyotangazwa duniani ilitegemea kipimo kilichochukuliwa kwa uvumilivu katika maabara miaka kadhaa kabla yake.

Makala haya yanaeleza jinsi kipimo hicho kinavyochukuliwa, na yaliyowapata wale waliotangaza matokeo kabla ya kukihakiki.

Chembe isiyo na chaji

Nyutroni ni mojawapo ya chembe zinazounda kiini cha atomu. Iligunduliwa mwaka 1932 na Mwingereza James Chadwick katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1935.

Tofauti na protoni na elektroni, nyutroni haina chaji ya umeme. Tabia hiyo ndiyo chanzo cha manufaa yake, na ndiyo chanzo cha taabu ya kuipima. Kwa kuwa haivutwi wala haisukumwi na umeme ulio ndani ya atomu, hupenya chuma na hata risasi mahali ambapo chembe nyingi nyingine zingekwama. Ndiyo maana hutumika kuchunguza miamba inayozunguka visima vya mafuta na gesi, na kutambua vilipuzi vilivyofichwa ndani ya mizigo.

Kwa kazi za namna hiyo hutumika jenereta ya nyutroni. Jina hilo lisimpotoshe msomaji akadhani ni mashine ya kufua umeme. Ni bomba lililofungwa kabisa, ambalo ndani yake chembe za deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, husukumwa kwa umeme wa takriban volti 100,000 hadi zigonge kibamba cha metali kilichonyonya tritiamu, hidrojeni nzito zaidi.

Baadhi ya viini hivyo vinapogongana huungana. Muungano huo hutoa kiini kimoja cha heliamu na nyutroni moja yenye nishati ya elektronivolti milioni 14.1. Bomba dogo la maabara linaweza kutoa nyutroni zipatazo milioni 100 kwa sekunde, nazo hukoma mara umeme unapozimwa.

Kuhesabu usichokiona

Vitambuzi vingi vya mionzi hufanya kazi kwa kunasa chaji ya umeme. Chembe yenye chaji ikipita ndani ya gesi huacha njia ya umeme, na njia hiyo ndiyo inayohesabiwa. Nyutroni hupita bila kuacha alama yoyote.

Wanasayansi wamelazimika basi kutumia njia ya kuzunguka. Huweka mbele ya nyutroni kitu kitakachoimeza, na kwa kuimeza kitoe chembe yenye chaji. Gesi ya heliamu-3 ni maarufu kwa kazi hiyo. Kiini chake kikimeza nyutroni hupasuka na kutoa protoni moja pamoja na kiini cha tritiamu, vyote viwili vikiwa na chaji. Hapo kitambuzi hupata mpigo mmoja wa umeme, na mpigo huo huhesabiwa.

Hata hivyo, heliamu-3 hunasa vizuri nyutroni zinazokwenda polepole tu. Nyutroni za jenereta huenda kasi mno. Kwa hiyo kitambuzi huvikwa plastiki nene yenye hidrojeni nyingi ili nyutroni zigongane nayo tena na tena na kupunguza mwendo.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme jenereta inatoa nyutroni milioni 100 kwa sekunde na kuzitawanya pande zote. Kwa umbali wa mita moja, nyutroni hizo zimesambaa juu ya tufe lenye eneo la sentimita za mraba zipatazo 125,600. Kila sentimita moja ya mraba hupitiwa na nyutroni 800 hivi kwa sekunde.

Kitambuzi chenye uso wa sentimita za mraba 100 kitapitiwa na nyutroni karibu 80,000. Tuseme kinanasa moja katika kila 100. Basi kitahesabu mipigo 800 tu kwa sekunde, na mtaalamu atatakiwa kuzidisha idadi hiyo kwa takriban 125,000 ili apate jumla iliyotoka katika bomba.

Hapo ndipo penye hatari. Kosa lolote katika hesabu hiyo huzidishwa pamoja nayo. Mtaalamu akikosea umbali kwa sentimita tano katika mita moja, jibu lake litapotoka kwa asilimia 10 hivi. Akiweka kitambuzi sentimita 20 kutoka kwenye bomba, kosa la sentimita moja tu linatosha kuleta upotofu huohuo.

Aidha, nyutroni haziendi moja kwa moja na kutoweka. Hugonga sakafu, kuta, meza na hata mwili wa mpimaji, kisha hurudi. Kitambuzi hakina macho ya kutofautisha iliyotoka katika bomba na iliyorudishwa na ukuta wa zege. Ili kuzitenganisha, wapimaji husimamisha kati ya bomba na kitambuzi pia nene ya chuma na plastiki inayozuia nyutroni za moja kwa moja. Zinazohesabiwa wakati pia ipo ni zile za kurudishwa, nazo hutolewa katika jumla.

Yaliyotokea Marekani na Uingereza

Historia ina mifano ya watu makini walioponzwa na vipimo hivi.

Machi 23, 1989, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kwamba wamefanikisha muungano wa viini ndani ya chombo cha maji mezani, bila joto kubwa. Dunia ilisisimka, na maabara nyingi zikakimbilia kurudia jaribio hilo.

Mwezi uliofuata, watafiti wa Georgia Tech katika jimbo la Georgia walitangaza kwamba wameona nyutroni. Siku chache baadaye walirudi mbele ya waandishi wa habari na kuifuta kauli yao. Walikuwa wamegundua kwamba kitambuzi chao kilikuwa kikiathiriwa na joto. Kilipopata joto kilihesabu mipigo hata pale ambapo hapakuwa na nyutroni.

Wanafizikia walikuwa na sababu nyingine ya kutilia shaka madai ya Utah. Iwapo wati moja tu ya joto ingetokana na muungano wa deuteriamu unaofahamika, chombo kile kingetoa takriban nyutroni trilioni moja kila sekunde. Mtu aliyesimama kando yake bila kinga asingesalimika. Waliokuwa maabara walikuwa wazima wa afya, na hilo peke yake lilikuwa kipimo.

Mfano wa pili unatoka Harwell, Uingereza, na unatufundisha jambo tofauti. Januari 1958, wanasayansi wa mtambo uitwao ZETA walitangaza kwamba deuteriamu iliyopashwa joto kali imetoa nyutroni. Mkuu wao, Sir John Cockcroft, aliyekuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, alisema ana uhakika wa asilimia 90 kwamba nyutroni hizo zimetokana na muungano uliosababishwa na joto.

Safari hii vitambuzi havikudanganya. Nyutroni zilikuwapo kweli. Lakini mwanafizikia Basil Rose na wenzake walipopima nishati ya nyutroni hizo, waliona kuwa zilizoelekea upande mmoja zilitofautiana na zilizoelekea upande wa pili. Kama zingetokana na joto, zingekuwa sawa pande zote. Tofauti hiyo ilionyesha kuwa umeme wa mtambo ulikuwa umezisukuma baadhi ya chembe upande mmoja, kama inavyotokea ndani ya bomba la jenereta. Kabla ya mwaka huo kwisha, dai hilo lilikuwa limeondolewa.

Matukio hayo mawili yaliacha mafunzo ambayo hadi leo hufuatwa. La kwanza ni kuhakiki kitambuzi kabla ya kuamini mipigo yake. La pili ni kutotosheka na idadi, bali kuuliza pia nyutroni zina nishati gani na zinaelekea wapi.

Mashahidi zaidi ya mmoja

Kwa sababu hiyo, maabara makini hazitegemei kitambuzi kimoja. Hutafuta mashahidi wengine ambao hawawezi kukosea kwa namna ileile.

Shahidi mmoja ni kipande cha shaba. Nyutroni yenye nishati kubwa ikiigonga atomu ya shaba huweza kuifanya iwe na mionzi. Kipande huwekwa karibu na bomba kwa muda unaojulikana, kisha huondolewa na mionzi yake kupimwa. Mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo mpimaji hana muda wa kuzubaa.

Uzuri wa shaba ni kwamba badiliko hilo haliwezekani mpaka nyutroni iwe na nishati ya takriban elektronivolti milioni 11. Nyingi kati ya zilizorudishwa na kuta zimekwisha kupoteza nguvu, na shaba hazizijali. Vilevile kipande cha shaba hakina waya wala umeme, hivyo hakiwezi kudanganywa na joto la chumba. Panapohitajika muda mrefu zaidi, hutumika aluminiamu, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 15, au niobiamu, ambayo huchukua siku 10.

Shahidi mwingine ni pacha wa nyutroni. Kumbuka kwamba kila muungano hutoa nyutroni moja na kiini kimoja cha heliamu. Kiini hicho kina chaji, hivyo ni rahisi kukihesabu. Kitambuzi kidogo hufungwa mahali palipopimwa barabara, pawe na njia wazi kutoka kwenye kibamba, na kwa kujua ni sehemu gani ya viini vyote inayokifikia, idadi ya nyutroni hupatikana bila kuigusa hata nyutroni moja.

Ni kama mtu anayetaka kujua idadi ya mashabiki walioingia uwanjani. Badala ya kuhangaika kuhesabu vichwa jukwaani, huhesabu vipande vya tiketi vilivyochanwa mlangoni.

Mashahidi hao wakikubaliana, idadi huaminika. Wakitofautiana, hakuna kinachotangazwa mpaka sababu ijulikane.

Mizani ya kuhakikia mizani

Kila mwenye duka nchini anajua kwamba mizani yake haitoshi kuwa nzuri machoni. Ni lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo dhidi ya mawe ya mizani ambayo uzito wake unajulikana. Katika nyutroni, kazi kama hiyo hufanywa na maabara chache duniani, mojawapo ikiwa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza (NPL) iliyoko Teddington, pembezoni mwa London.

Moja ya nyenzo zao ni tangi la duara lililojaa maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya manganisi. Chanzo cha nyutroni huwekwa katikati ya tangi. Nyutroni hutoka pande zote, hupunguzwa mwendo na maji, na nyingi humezwa humo humo. Zinazomezwa na manganisi huifanya iwe na mionzi inayopungua kwa nusu kila baada ya saa 2.6 hivi. Kwa kupima mionzi ya maji hayo, wataalamu hupata jumla ya nyutroni zote za chanzo, na kosa lao huwa karibu asilimia moja.

Njia hiyo haimtaki mpimaji abahatishe umbali wala aogope kuta, kwa kuwa nyutroni karibu zote zimenaswa ndani ya tangi. Chanzo kilichopimwa hivyo huwa rejea ya kuhakikia vitambuzi vingine.

Jenereta iliyokusudiwa kwa ajili ya JET ilipelekwa Teddington kwanza. Huko ilipimwa pembe kwa pembe, kwa sababu bomba na vifaa vinavyolizunguka huzuia nyutroni zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ilithibitika kutoa nyutroni zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Kwa kuwa nguvu ya jenereta hupanda na kushuka inapofanya kazi, ilifungiwa vitambuzi vidogo vya almasi vya kuichunga muda wote.

Ndipo mwaka 2017 mkono wa roboti ulipoiingiza ndani ya mtambo wa Culham na kuiweka sehemu moja baada ya nyingine kuuzunguka. Katika kila kituo, wataalamu walilinganisha nyutroni zilizojulikana kutoka kwenye jenereta na mipigo iliyosomwa na vitambuzi vya mtambo, ambavyo vilikuwa vimetenganishwa na chanzo hicho kwa kuta za chuma na sumaku nzito.

Lengo lilikuwa kosa lisivuke asilimia 10. Kwa rekodi ya megajuli 69, asilimia 10 ni karibu megajuli saba. Bila kazi ile ya roboti, hakuna ambaye angeweza kusema kwa haki kwamba idadi ilikuwa 69.

JET ilifanya jaribio lake la mwisho Desemba 2023, na sasa inavunjwavunjwa kwa utaratibu maalumu. Lakini njia iliyotumika kuihakiki inahitajika kwa mtambo mkubwa zaidi wa ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, ambao nao nishati yake itajulikana kwa kuhesabu nyutroni.

Kipimo na uhai wa mtu

Yote haya yanaweza kuonekana kuwa mambo ya mbali yanayowahusu wanasayansi wa Ulaya peke yao. Sivyo. Kipimo cha nyutroni kinagusa afya ya kila anayefanya kazi karibu na chanzo chake.

Turudi kwenye ile jenereta ya nyutroni milioni 100 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita moja kutoka kwake bila kinga hupokea takriban milisiviti 1.5 za mionzi kwa saa. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mwananchi wa kawaida, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu, ni milisiviti moja kwa mwaka mzima. Mtu huyo angekifikia kwa dakika 40 tu.

Sasa fikiria kwamba aliyepima jenereta hiyo alikosea, akaandika nyutroni milioni 10 mahali pa milioni 100. Ukuta wa kinga utajengwa mwembamba, mlango utawekwa karibu, na saa za kazi zitapangwa kwa kuamini idadi isiyo sahihi. Mfanyakazi hatasikia maumivu wala harufu ya kumwonya. Mionzi haina rangi wala sauti.

Hapa nchini, jukumu la kusimamia matumizi salama ya mionzi lipo mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Vyanzo vya nyutroni si vya vinu vya nyuklia pekee. Vimo katika vifaa vya kupimia unyevu wa udongo kwenye ujenzi wa barabara, na katika vyombo vinavyoteremshwa ndani ya visima vya utafutaji wa mafuta na gesi.

Kila mtumiaji wa kifaa cha namna hiyo ana maswali matatu ya kumuuliza mwenye kifaa. Kinatoa nyutroni ngapi? Nani alizihesabu, na kwa njia gani? Kipimo hicho kilihakikiwa lini kwa mara ya mwisho, na dhidi ya chanzo gani kinachojulikana?

Asiyepata jibu la swali la tatu asitosheke na majibu ya mawili ya kwanza.